Dawa Iliyotuliza Degedege

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, baba mmoja anamleta mwanawe kwa Bwana Yesu. Mtoto anaanguka chini, anagaagaa, povu linamtoka. Kabla ya kumponya, Bwana anamwuliza baba yake hali hiyo ilianza lini. Swali hilo huwa tunalipita haraka. Historia ya degedege katika pwani yetu inaturudisha kwalo.

Wazee wetu wengi waliamini kwamba degedege huletwa na dege, ndege wa kiroho anayempitia mtoto. Kwa hiyo mgonjwa alipelekwa kwanza kwa mganga, na hospitali ikafuata akiwa hoi. Leo twajua kwamba mara nyingi chanzo ni homa, na hasa malaria. Malaria ikishafika ubongoni, mtoto hupoteza fahamu na degedege humrudia tena na tena. Baadhi ya wanaopona hubaki na ulemavu au kifafa.

Dawa ya kutuliza degedege haikukosekana. Mwaka 1912 daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, aliandika kwamba fenobabitali, iliyokuwa dawa ya usingizi, hupunguza kifafa. Kwa kuwa bei yake ni nafuu, ilienea hata katika nchi maskini. Basi madaktari wakawaza: kwa nini tungoje degedege lianze? Mtoto mwenye malaria ya ubongo achomwe sindano mapema, apone akili yake ikiwa salama. Wazo hilo lilitoka katika huruma ya kweli.

Kule Kilifi, nchini Kenya, watafiti waliamua kulipima. Watoto 340 wenye malaria ya ubongo waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa sindano moja ya fenobabitali, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, na nusu sindano isiyo na dawa. Wote waliendelea kutibiwa malaria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Watoto waliopatwa na degedege mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 11 kati ya waliopewa dawa, na asilimia 27 kati ya wasiopewa. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake. Lakini kati ya waliopewa dawa walikufa asilimia 18, na kati ya wenzao asilimia 8.

Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliopewa pia dozi tatu au zaidi za diazepamu, dawa nyingine ya degedege. Dawa hizi zote mbili hupunguza nguvu ya kupumua, na mashine ya kumpumulia mgonjwa ni kitu adimu katika hospitali zetu. Mwili wa mtoto ulitulia, pumzi nayo ikatulia mno.

Tunapolisoma jambo hili kanisani, tusiwarushie mawe waliojaribu. Bila kupima, sindano ile ingeweza kuenea wodi hadi wodi, nasi tungeshukuru kuona watoto wametulia, tusijue kwa nini wanakufa. Watafiti walihesabu vifo wasivyovitarajia, wakavitangaza. Huko nako ni kusema kweli mbele za Mungu. Wazazi waliokubali watoto wao waingie katika utafiti ule walitoa sadaka ambayo majina yake hatuyajui, na watoto wengi waliozaliwa baadaye wamelindwa nayo. Siku hizi miongozo ya tiba haishauri kumchoma sindano hiyo mtoto mwenye malaria ya ubongo kabla degedege halijaanza. Likianza, hutibiwa, pumzi yake ikiangaliwa na sukari ya damu ikipimwa.

Sisi nasi tuna sehemu yetu. Mtoto akishikwa na degedege, tumlaze ubavu, tusimtie kitu mdomoni, tumkimbize hospitali. Tuombe njiani. Tukifika, daktari akituuliza limeanza lini, tumjibu kwa ukweli, hata kama tulipita kwanza kwa mganga.