Roho Saba za Debe

Neno debe limefika mbali kuliko kitu chenyewe. Kila baada ya miaka mitano wanasiasa wetu huambiana watakutana debeni. Anayemnadi mwenzake tunasema anampigia debe, na anayepayuka bila hoja tunamkumbusha kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Sokoni viazi bado vinauzwa kwa debe. Lakini mwambie kijana wa mtaani aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 akuonyeshe debe lenyewe, lile la bati lenye pembe nne. Wengi wetu hatujawahi kulibeba.

Nalileta debe hapa kwa sababu siku hizi tunahubiriwa kila mahali kuhusu kutumia vitu tena nyumbani, na kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. Ati tuoshe chupa, tubebe vikapu vyetu, mikebe tuipandie maua. Sawa. Ila historia ya debe inasema kwamba nyumba zetu zilikuwa zikifanya hayo kabla ya mtu yeyote kuyaundia kampeni, na kwamba tukitafuta kilichovuruga mambo, tusianzie jikoni kwa mtu.

Debe lilikuja na mafuta ya taa. Mwishoni mwa karne ya 19, Wamarekani walikuwa wakiyasafirisha mafuta hayo sehemu nyingi za dunia kwenye madebe ya bati, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao, kila debe likibeba lita kama 18. Yalifika pwani yetu kwa meli. Kisha reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 ikayafungulia njia hadi Kisumu, na wenye maduka wa Kihindi wakayasambaza bara. Hata jina lilitoka kwao: dabba, kwa Kihindi na Kigujarati, ni kopo au mkebe. Muuzaji aliyeyapakia melini alikuwa akiwaza mafuta tu. Bati kwake lilikuwa gharama ya kuyafikisha.

Mafuta yakiisha, ndipo debe lilipoanza kazi. Paka, wanasema, ana roho saba, na debe halikuwa mbali naye. Lilichota maji na kuyafikisha nyumbani kichwani mwa mtu. Lilichemsha maji ya kuoga, na mahindi ya shughuli wageni wakiwa wengi. Likikatwa katikati lilikuwa beseni. Likitoboka, fundi alifungua mishono yake, akalinyoosha kwa nyundo, akatoa mlango, au faneli, au koroboi. Sanduku la mbao nalo lilikuwa kigoda au rafu. Na kwa vile madebe yalilingana kwa ukubwa, soko lilijipatia kipimo bila kungoja serikali igawe mizani. Mahindi, maharagwe, viazi: bei ni kwa debe. Naona hiyo ndiyo roho yake ya saba, manake bati limekwisha na kipimo bado kinaishi.

Katika Nairobi ya wakoloni, debe lilikuwa pia paa. Huko Pangani, na Pumwani iliyoanzishwa mapema miaka ya 1920, nyumba za fito na udongo ziliezekwa kwa madebe yaliyonyooshwa. Mshahara wa Mwafrika haukumtosha kununua mabati mapya, na serikali haikutaka ajione mwenyeji wa mji. Akaezeka kwa alichokuwa nacho. Halafu mitaa ya aina hiyo ikaitwa michafu, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikabomolewa. Shauri Moyo ilijengwa wakati huo kuwapokea waliohamishwa. Kwa hiyo huu mjadala wa taka una historia yake hapa Nairobi: kitu kilichotumika tena kiliitwa uchafu, na aliyekitumia akahesabiwa pamoja nacho.

Baada ya uhuru ujuzi huo ulipata jina jipya, jua kali. Pale Kamukunji na Gikomba mafundi walipasua mapipa ya mafuta na mabati chakavu, wakatoa makarai, masanduku na majiko. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya iliona kwamba kazi hizi zisizo rasmi zilikuwa na tija, na ikalaumu mtindo wa kuwahangaisha wanaozifanya. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuwaahidi vibanda vya kuwakinga na hilo jua. Miaka hiyohiyo ya 1980, mafundi wa Shauri Moyo walikuwa miongoni mwa waliosambaza lile jiko lenye kiuno, bati nje na udongo ndani, ambalo linakula makaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Ndiyo, Shauri Moyo hiyohiyo ya waliobomolewa Pangani.

Sisemi zamani ilikuwa njema. Koroboi ilijaza moshi vifuani na ilichoma watu na nyumba. Debe lilishika kutu, na ukingo wake ulikata vidole. Watu walitumia vitu tena kwa sababu hawakuwa na vingine, na haishangazi kwamba wengi walipopata uwezo wa kutupa waliona wamefika. Lakini tusisahau kwamba waliweza kutumia tena kwa sababu chombo chenyewe kilikuwa na nguvu za kutumika.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mafuta ya taa yalihamia kwenye pampu za vituo vya petroli, na jerikeni la plastiki likalipokonya debe kazi ya maji. Mkebe wa kilo 2 wa mafuta ya kupikia ukawa gorogoro, kipimo cha mahindi na maharagwe, na wachuuzi wajanja wakajua kuubonyeza kitako ili upokee kidogo. Hadi hapo roho ya debe ilikuwa bado hai. Kisha kikaja kifuko. Sabuni ya unga, majani chai, viungo, mafuta ya nywele: yote kadogo. Wafanyabiashara wanasifu kadogo kwamba inamfikia mtu wa kipato cha chini, na ni kweli, mwenye shilingi kumi hatoki dukani mikono mitupu. Lakini kifuko cha sabuni hakibebi maji, hakipimi mahindi, hakiezeki hata choo. Kina roho moja tu, nayo hukatika pale unapokichana kwa meno.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Mitaro ilipumua, na mimi siwezi kuilaumu sheria hiyo. Ila vifungashio ambavyo kiwanda chenyewe hufungia bidhaa viliachwa. Yaani mama mboga angeweza kushtakiwa kwa juala alilofungia sukuma wiki, huku hatua mbili kutoka kwake duka likiuza vifuko mia vya sabuni kihalali. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 ndiyo iliyoanza kumgusa mzalishaji, ikisema ana wajibu juu ya bidhaa na kifungashio chake hata baada ya kuuza. Ikitekelezwa kweli, itakuwa mara ya kwanza swali la taka kumfikia aliyefunga mzigo kabla ya kumfikia aliyeufungua.

Na wakati tunangoja, tazama mtaani. Siku hizi kuna mashine za maziwa, na madukani kuna mafuta ya kupikia ya kupima. Mtu anakuja na chupa yake ya soda aliyoiosha, anapimiwa ya shilingi ishirini au thelathini, anarudi nayo kesho. Ni mteja yuleyule wa kadogo, na pesa ni zilezile. Hakuna aliyemhubiria. Alipata tu muuzaji aliye tayari kumimina, akatoa chombo nyumbani.