Useremala: Njia mbili za kuupata ujuzi

Kijana anayetaka kuwa fundi samani nchini Tanzania ana njia mbili. Ya kwanza ni chuo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya useremala katika ngazi 3 za cheti. Mwanafunzi hujifunza kutumia msumeno, randa na patasi, kusoma michoro na kuendesha mashine.

Njia ya pili ni karakana za mitaani, kama zile za Keko, Dar es Salaam, ambako mwanagenzi hujifunza akiwa kando ya fundi wake. Mkono hukomaa, lakini cheti hakuna. Fundi wa aina hiyo anaweza kuomba VETA impime kwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi. Akifaulu, hutunukiwa cheti.

Popote ajifunzapo, asipuuze somo la ukaushaji wa mbao. Ubao wa mninga ukiungwa ungali mbichi hunywea baadaye, viungo vikalegea na mlango wa kabati ukapinda, wakati mteja amekwisha kulipa. Jina la fundi huharibikia hapo.