Banda Lililomzuia Kupe

Aliyejenga banda la ng'ombe wa maziwa Kawempe alikuwa anamkwepa kupe. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, ilikuwa tishio kubwa kwa ng'ombe wa kigeni tangu walipoanza kuingizwa Uganda kwa wingi, na kumfungia ng'ombe ndani, akaletewa majani na maganda ya matoke, lilikuwa jibu la busara. Lilikuwa pia jibu la ufinyu wa ardhi. Mipaka ya Kampala ilipopanuliwa mwaka 1968, Kawempe iliingia mjini pamoja na mashamba yake. Na uchumi ulipoporomoka katika miaka ya 1970, wakazi walilima na kufuga ili wale, sheria ikiwa bado haijawatambua. Vibali vya kufuga vilikuja na sheria ndogo za jiji za mwaka 2006. Lakini banda hilo lilijengwa kumzuia adui atambaaye. Virusi vinavyosafiri na mbu na nzi wanaouma havikuwamo katika hesabu, na naamini historia ya maziwa ya mjini haijakamilika bila hivyo.

Tuanze na ugonjwa wa mapele ya ngozi. Ulipoandikwa kwa mara ya kwanza, Zambia mwaka 1929, ulidhaniwa ni sumu ya mimea au mwili kuchukia kuumwa na wadudu. Uambukizi wake ulikubaliwa baadaye, ulipozagaa kusini mwa Afrika katika miaka ya 1940. Mwaka 1957 ulikuwa umefika Kenya. Ng'ombe hupata homa, mwili hujaa mapele na maziwa hupungua ghafla. Wengi hawafi, na hapo ndipo hasara hufichika: mzoga huhesabiwa, ila debe lisilojaa halihesabiwi. Tena banda lenyewe humsaidia mwenezaji, kwa kuwa nzi anayeuma huzaliana katika samadi iliyochanganyika na majani yanayooza, na katika kiwanja kidogo samadi haina pa kwenda.

Homa ya Bonde la Ufa ina historia iliyo karibu zaidi na Uganda. Kirusi chake kilitambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 1931, lakini mwaka 1944 watafiti wa Entebbe walikipata ndani ya mbu wa msitu wa Semliki. Mmoja wao, Smithburn, alikipitisha mara nyingi katika ubongo wa panya hadi kikadhoofika, na kutokana nacho ikapatikana chanjo hai iliyotumika Kenya na Afrika Kusini. Ni kazi ya kujivunia. Hata hivyo, taasisi ya Entebbe ilikuwa imeanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, yaani afya ya binadamu, na chanjo hiyo inaweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba aitupe. Kwa mfugaji wa maziwa hilo si dosari ndogo, maana bila kuzaa hakuna kukamua.

Atakayepinga atasema kwamba kupe bado anaua zaidi, na kwamba mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2016, wa kwanza kuripotiwa Uganda baada ya miaka 48, ulitokea Kabale, mbali na Kawempe. La kwanza nalikubali kabisa, na sidai josho liachwe. La pili linasahau kwamba ng'ombe wa mjini hajawahi kuishi peke yake. Mtamba hununuliwa sehemu za ufugaji, na ng'ombe wa kuchinjwa hupita njia hizo hizo. Mmoja wa wagonjwa wa kwanza wa Kabale alikuwa mchinjaji. Mabonde ya Bwaise, humo humo Kawempe, nayo hufurika kila mvua zinapozidi, na mbu hawakosi maji. Kubwa zaidi ni kipimo chenyewe. Katika kundi la mamia, ng'ombe mmoja aliyetupa mimba ni hasara inayobebeka. Katika banda la ng'ombe wawili, nusu ya mapato imekwenda, pamoja na ada ya shule iliyotegemea maziwa ya asubuhi. Na serikali inapofunga minada ya magharibi kwa karantini, mfugaji wa Kawempe ambaye ng'ombe wake hana hata pele moja hapati mtamba wa kuziba pengo, na hasara yake haiingii katika daftari lolote la magonjwa.