Namna ya kupunguza upotevu wa nishati katika boila za hospitali

KIGWA, wilayani Uyui mkoani Tabora, kilikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857. Wakulima wa tumbaku ya mvuke wa mkoa huo wanaifahamu vyema gharama ya moto, kwani zao hilo hukaushwa kwa kuni za misitu ya miombo. Bani lenye tanuri bovu na kuta zenye nyufa hula kuni nyingi kuliko bani lililojengwa vizuri. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala boila za hospitali.

Boila huchemsha maji yakawa mvuke, unaosafirishwa kwa mabomba hadi jikoni, chumba cha kufulia na chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji. Utakasaji huhitaji mvuke wa nyuzi joto 121 kwa dakika zisizopungua 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3. Kupunguza joto au muda huo ili kuokoa mafuta ni kuhatarisha maisha ya wagonjwa. Kwa hiyo, akiba lazima itafutwe kwingine.

Mahali pa kwanza ni dohani. Hewa inayozidi mahitaji ya moto hubeba joto na kulitoa nje. Kila joto la moshi linapopungua kwa takriban nyuzi 20, matumizi ya mafuta hupungua kwa karibu asilimia 1.

Pili ni maji. Chumvi za maji ya visima huganda ndani ya boila na kuzuia joto kupenya, hivyo maji hayana budi kusafishwa kabla ya kuingizwa.

Tatu ni mabomba. Bomba lisilofunikwa kwa kizuia joto, au valvu inayovuja, hupoteza mvuke usiku na mchana, hata wakati hakuna kazi.

Nne ni maji ya moto yanayobaki baada ya mvuke kupoa. Yakirudishwa kwenye boila badala ya kumwagwa, huokoa mafuta na maji pia: kila maji yanayoingia yanapokuwa na joto zaidi kwa nyuzi 6, mafuta hupungua kwa takriban asilimia 1.

Ukubwa wa mtambo nao ni muhimu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unahimiza taasisi kuachana na kuni na mkaa. Jiko la hospitali likihamia gesi au umeme, mahitaji ya mvuke hushuka, na boila kubwa inayotumika kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake hupoteza nishati nyingi.

Hatua ya kuanzia haina gharama kubwa: kuandika kila siku mafuta yaliyotumika, maji yaliyoingia na joto la dohani. Hospitali isiyo na kumbukumbu hizo haiwezi kujua ni fedha kiasi gani, ambazo zingenunua dawa, zinapotea kwa moshi.