Tendo Lina Jina, Mtu Hana: Wapendao Jinsia Zote Mbili katika Historia ya Kampala

Kumbukumbu za Kampala kuhusu mapenzi ya jinsia moja kwa kawaida huanzia kwa Kabaka Mwanga II, aliyeanza kuitawala Buganda mwaka 1884. Wamisionari waliandika kwamba vijana Wakristo wa kasri lake walimkatalia, na kwamba kukataa huko kulichangia mauaji yaliyofikia kilele Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwanga huyohuyo alikuwa na wake wengi, na mwanawe Daudi Chwa alirithi kiti mwaka 1897. Kanisa limemkumbuka kwa vijana, nasaba ya kifalme kwa wake na watoto. Ni nadra nusu hizo mbili kusomwa pamoja. Hata hivyo mfano wenyewe una kasoro isiyopaswa kufunikwa: mhudumu wa kasri hakuweza kumkataa mfalme bila kuhatarisha roho yake. Penye shuruti hapatafutwi mapenzi.

Sheria ya Kanuni za Adhabu ya 1950 iliadhibu tendo lililo “kinyume cha maumbile”, adhabu baadaye ikiwa hadi kifungo cha maisha. Haikujishughulisha na mtu anajionaje. Muswada uliopitishwa Machi 2023 ulivuka mpaka huo kwa kufanya hata kujitambulisha kuwa kosa. Rais Museveni aliurudisha bungeni, kipengele hicho kikaondolewa, akautia saini Mei 2023 ukiwa bado na adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vichache, kikiwemo cha wajibu wa kuripoti, na kuacha sehemu kubwa ya sheria.

Penzi la kwanza halimo katika nyaraka hizo. Limo katika “Jambula Tree”, hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Anyango na Sanyu wanakulia Nakawa, mtaa wa nyumba za umma ulio jijini lakini wenye macho na ndimi za kijiji. Wanafumaniwa chini ya mzambarau. Sanyu anapelekwa London, Anyango anabaki na minong'ono ya majirani. (Nyumba zenyewe zilibomolewa mwaka 2011.) Msimulizi anasema alimpenda nani, hasemi yeye ni nani.

Suala hili limekuwa la kisera tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, Julai 2022. Sheria zitahitaji tafsiri, na istilahi zilizo karibu hazitoshi. “Shoga”, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa urafiki, limegeuzwa tusi kwa wanaume. “Mpenda jinsia moja” humfuta apendaye zote mbili, na “msagaji” humrejesha mtu kwenye tendo. Mtafsiri akichagua mojawapo, Anyango atakuwa amepewa jina ambalo mwandishi wake hakumpa, na mahakamani jina hilo litasomwa kama ushahidi.