Baba Asiye na Mtoto: Kuhani katika Nyanda za Ufipa

Karibu na mji wa Sumbawanga, chini ya mlima Itwelele, kipo kijiji cha Milanzi. Wafipa husimulia kwamba mwene (mtawala) wa kwanza, Ntatakwa, alishuka hapo kutoka mbinguni dunia ilipoanza. Hana baba anayetajwa. Baadaye wakaja wanawake wageni, Watwa, siku ambayo mwene alikuwa mawindoni. Mkewe akaingiwa na hofu, akawapa kigoda cha enzi. Mwene aliporudi pakafanyika mapatano. Watwa wakachukua utawala, ambao baadaye uligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile, naye akabaki na Milanzi yake pamoja na heshima ya mambo ya ibada.

Msomaji wa Biblia hapa atamkumbuka Melkizedeki, mfalme wa Salemu aliyemletea Abrahamu mkate na divai. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania alimng'ang'ania mtu huyo kwa sababu hatajiwi baba wala mama: ukuhani wake haukurithiwa, umetoka juu. Akasema Kristo naye, aliyezaliwa katika kabila la Yuda lisilotoa makuhani, ni kuhani wa namna hiyo. Sidai kwamba Wafipa walikuwa Wakristo kabla ya Ukristo; hoja hiyo ni ya kivivu. Ila mtu aliyewekwa na mbingu, asiyeshika mkuki wa utawala, hakuwa mgeni kwao.

Wokovu wenyewe ulifika kwa sura ya biashara. Mwaka 1885 Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Lavigerie, walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji huko Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita. Wamisionari wakatoa mali, wakanunua watu, watoto hasa, wakawaweka katika kijiji cha misheni. Kiswahili kina neno la tendo hilo: kukomboa. Rehani hukombolewa, mateka hukombolewa. Leo tunalitamka jina la Mkombozi Jumapili bila kuwaza bei. Karema ya miaka ile, bei ilijulikana.

Adrian Atiman aliijua kuliko wengi. Aliibwa utotoni upande wa Timbuktu, akakombolewa na mapadre hao huko Algeria, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista, akaoa huko huko, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Mwanawe Joseph akawa padre. Katika nchi ambayo mamlaka ya ibada yalikaa ndani ya koo zinazojulikana, upadri ukatua kwa mtoto wa mtu aliyewahi kuuzwa. Hoja ya Waebrania kuhusu kuhani asiye na ukoo haikuhitaji mahubiri marefu tena. Alikuwa anatembea kijijini.

Kilichokuwa kigumu kumeza ni kingine. Padre ni neno la Wareno, maana yake baba. Baba gani asiye na mtoto? Kwa wazazi wa Ufipa, ambao marehemu wao huendelea kukumbukwa kupitia wajukuu, kumtoa kijana aende seminarini kulikuwa kama kuzima moto wa nyumba. Mwanahistoria Kathleen Smythe ameonyesha jinsi wamisionari walivyojiingiza katika nafasi ya wazee wa kulea, wakichukua watoto shuleni na seminarini, na jinsi familia zilivyojadiliana nao badala ya kutii tu. Hata hivyo vijana walikwenda. Mwaka 1958 Charles Msakila akawa askofu wa Karema. Tangu 1969 jimbo likaitwa Sumbawanga, naye akaliongoza hadi 1994.

Hakuna aliyedhani kwamba padre amemaliza kazi yote. Wenyeji hulifasiri jina Sumbawanga kuwa agizo la kutupa uchawi, na mwaka 1963 na 1964, askofu Mwafrika akiwa tayari kitini, watu wa Ufipa walipanga foleni kwa waganga wa Kamchape, harakati ya kupinga uchawi, ili wachanjwe na kusalimisha dawa zao. Mtu aliweza kwenda huko na bado akaonekana kanisani.

Siku ya daraja takatifu shemasi hulala kifudifudi sakafuni, litania ya watakatifu ikiimbwa juu yake jina kwa jina. Huinuka, huwekewa mikono, viganja vyake hupakwa krisma. Vigelegele vikitulia, mama yake husogea mbele, hupiga magoti miguuni pa kijana aliyemzaa ili apokee baraka yake ya kwanza, kisha humjibu, “Asante, Padre.”