Maharagi sita, na swali la mwaka 1654

Leo sitaongea juu ya mbolea. Nitaongea juu ya karata, ila mnivumilie mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni tutarudi shambani.

Wakati wa lisansi, pale nyumbani tulipokuwa tunapanga na wenzangu, umeme ukikatika tulikuwa tunacheza poka. Feza hatukuwa nazo, basi tulichezea maharagi. Tulicheza ile inayoitwa limiti: dau limepangwa tangu mwanzo, hakuna mtu wa kuongeza anavyotaka. Kwetu ilikuwa maharagi 2 katika raundi mbili za kwanza, maharagi 4 katika raundi mbili za mwisho.

Usiku mmoja nilikuwa na 5, 6, 8 na 9. Nilingoja 7 tu ili karata zangu zifuatane. Ilibaki karata moja ya kufunguliwa. Katikati ya meza kulikuwa na maharagi 20, mwenzangu akatupa 4, ikawa 24. Mimi niliombwa 4. Nikalipa, nikasema: « Nimeisha weka sita, siwezi kuacha sasa. » Karata ikaja, haikuwa 7. Rafiki yangu mmoja akacheka: « Zile sita haziko zako tena. Ziko za meza. »

Neno lile lilinifuata miaka. Baadaye nikagundua kumbe lina historia ndefu.

Mwaka 1494, kule Venice, mtawa Luca Pacioli alichapisha kitabu kikubwa cha hesabu. Ndani aliuliza: watu wawili wanacheza, mchezo unakatizwa kabla haujaisha, feza za dau zigawanywe namna gani? Yeye akajibu: kila mtu apate kulingana na pointi alizokwisha shinda. Ni jibu linaloonekana la haki. Lakini linatazama nyuma.

Swali likakaa zaidi ya miaka 150. Mwaka 1654, bwana mmoja wa Ufaransa aliyependa michezo, Chevalier de Méré, akalipeleka kwa Blaise Pascal. Pascal akaandikiana barua na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse. Tuchukue mfano wa Pascal mwenyewe: kila mmoja ameweka pistole 32, jumla 64, na wa kwanza kufika pointi 3 anabeba zote. Mmoja ana 2, mwingine 1, na mchezo unakatika. Kwa njia ya Pacioli, wa kwanza angepata karibu 43. Pascal akasema hapana, tuangalie raundi inayokuja. Wa kwanza akiishinda, anabeba 64. Akiishindwa, wanakuwa sawa, anachukua 32. Kwa hiyo 32 ni zake kwa vyovyote, na ile 32 inayobaki wagawane nusu kwa nusu: 32 na 16, jumla 48.

Mnaona kilichobadilika? Pascal hakuuliza mtu amefanya nini. Aliuliza kinachoweza kutokea bado, na kina thamani gani leo. Miaka 3 baadaye, mwaka 1657, Christiaan Huygens wa Uholanzi alichapisha hesabu hiyo katika kitabu, ikaenea Ulaya.

Poka yenyewe ilizaliwa Marekani, upande wa New Orleans na merikebu za mto Mississippi, mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini ukicheza limiti ukingoja karata, uko ndani ya barua za 1654. Bei unaijua, meza unaiona, kinachobaki ni kuhesabu.

Turudi kwenye usiku wangu. Nilikuwa nimeona karata 6, zilibaki 46 nisizozijua. Kati ya hizo, 7 ziko nne tu. Katika mara 46, ningeshinda mara 4 maharagi 24, yaani 96. Ningepoteza mara 42 maharagi 4, yaani 168. Ilipaswa niache. Lakini kama ningekuwa na karata nne za ker nikingoja ya tano, zilizobaki ni 9: mara 9 kwa 24 ni 216, mara 37 kwa 4 ni 148. Hapo unalipa bila kuogopa, hata kama mara nyingi utakosa. Meza ni ileile, bei ni ileile. Na yale maharagi sita hayaingii katika hesabu hata mara moja.

Njo maana limiti iliwavuta wataalamu wa kompyuta pia. Mwaka 2015, timu ya Michael Bowling katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ilitangaza programu Cepheus, ambayo kwa limiti ya watu wawili imefika karibu kabisa na mchezo usio na kosa. Mashine ile haina majuto. Haisemi « nimeisha weka mingi ».

Mimi nilisema tena. Baada ya diplome nililima nyanya msimu wa mvua. Nilikuwa nimetumia dola 180 wakati mildiu iliposhika majani. Kupulizia dawa mara mbili zaidi kuliomba dola 40. Kilichokuwa kimebaki, kama kingepona, kingenipa dola 60, na kwa macho ya agronome nafasi ya kupona ilikuwa moja kwa tatu. Yaani nilinunua kitu cha dola 20 kwa dola 40. Nilikuwa najua kuhesabu. Ila zile 180 njo zilinisukuma. Nyanya zilioza, na deni la zile 40 nililipa miezi mitatu.

Siandiki hivi ili mtu aende kuchezea feza. Sisi tulikula maharagi yetu kesho yake. Naandika kwa sababu wengi wetu tunangoja: ajira, konkuru, jibu la dosie iliyowekwa tangu mwaka juzi. Kungoja si kosa, kuna wakati ni karata ya ker. Lakini kila mwezi tunalipa kitu ili tuendelee kungoja. Kabla ya kulipa tena, weka miaka ya chuo pembeni, kisha uhesabu: bei ni ngapi leo, meza ina nini, na karata ngapi zinaweza kukuokoa?

Wewe unangoja karata gani? Tuandikie.